Fungu la Kila Mmoja



Sisi ni ndugu watatu wa kike, na sote tulisoma hadi darasa la nane. Hisabati tulifundishwa, mitihani tukaipita, kisha tukaiacha skuli pamoja na madaftari yetu. Mambo ya sehemu na uwiano tuliyaona ni ya watoto. Kuhesabu chenji dukani tulikujua, nasi tukadhani hilo latosha.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki alimwacha mama yetu, ndugu zetu wawili wa kiume na sisi watatu. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki, na wasia hakuacha. Duka lake liliuzwa, na baada ya kulipwa gharama za maziko na madeni yake, zikabaki shilingi 960,000. Ami yetu, mzee tunayemheshimu, ambaye mwenyewe hakuwa na fungu katika mali hiyo, alikaa nasi usiku mmoja baada ya sala ya Isha ili atugawie.

Alianza vyema. Mama alipewa thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Nayo ni shilingi 120,000. Zikabaki 840,000. Hapo ami akasema kuwa mwanamume hupata maradufu ya mwanamke, basi theluthi mbili ziende kwa wanaume na theluthi moja kwa wanawake. Kaka zetu wakaandikiwa 280,000 kila mmoja, nasi 93,333. Tukaitikia kwa vichwa. Mkubwa wetu alikwisha kuishika kalamu ili atie sahihi.

Binti yake, aliye Gredi ya 8, alikuwa akitumiminia kahawa. Akaliweka dele chini.

"Babu, niwie radhi," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa mjomba amepata mara tatu ya mama, si mara mbili."

Sote tukanyamaza. Ami akamwita karibu, akampa karatasi. Mtoto akaeleza kwamba uwiano ule ni wa mtu kwa mtu, si wa kundi kwa kundi. Kila mwanamume ahesabiwe mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Wanaume wawili ni mafungu manne, wanawake watatu ni matatu; jumla ni saba. Ukigawanya 840,000 kwa saba, fungu moja ni 120,000. Basi kila mmoja wetu ana 120,000, na kila kaka 240,000. Ukiongeza fungu la mama, 960,000 zatimia bila kuzidi wala kupungua.

Ami akaichana karatasi yake ya kwanza. "Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu umenitua mzigo ambao kesho Akhera nisingeuweza." Kaka zetu wakaridhia papo hapo.

Kilichotuuma si zile shilingi 26,667 ambazo kila mmoja wetu angezikosa. Kilichotuuma ni kwamba tungetia sahihi, na kaka zetu wangekula haki isiyokuwa yao, hali hakuna hata mmoja aliyekusudia dhulma. Nia njema haisahihishi hesabu iliyokosewa.

Baadaye tulikuja kujua kwamba al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad takriban mwaka 820, alitenga sehemu kubwa kwa mas'ala ya mirathi na wasia. Elimu tuliyoidhania kuwa ya ubaoni tu, tangu zamani ilikuwa ikitumika kulinda haki za warithi.

Siku hizi, kila Ijumaa baada ya Alasiri, tunakaa mkekani na binti yetu, naye anatusomesha. Tumeanza na zaka ya fedha: asilimia 2.5, yaani sehemu moja katika arobaini.

Dada zetu wapenzi, mtoto akirudi na daftari lake la hisabati, msimwambie, "Mimi hesabu sijui." Kaeni naye chini, mjifunze pamoja. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atuepushe na kula haki ya mtu, kwa kujua au kwa kutojua. Amin.