Watamu: Kati ya Bahari na Msitu

Nilipohamia Watamu, katika pwani ya Kenya, nilidhani ya kutazamwa ni bahari tu. Jumamosi ya kwanza niliteremka katika Hori la Mida maji yakiwa yamekupwa, nikaifuata mikoko hadi mbali. Punde maji yakaanza kujaa, nami nikarejea yakinifika kiunoni, viatu mkononi. Mzee mmoja mvuvi alinipokea akasema, “Mwanangu, leo ni bamvua. Huku kwetu hatuulizi saa, twauliza mwezi.”

Juma lililofuata niligeukia msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Humo huishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke. Karibu yake yapo magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, ambako mizizi imekumbatia kuta za mawe.

Lakini ndani ya msitu nilikuta pia visiki vibichi. Nikakumbuka gunia la makaa jikoni kwangu, nililolinunua mlangoni pasipo kuuliza lilikotoka. Nilitahayari.

Tangu mwaka 1993 wako wakulima wa jirani wafugao vipepeo na kuwauza ng’ambo wangali ndani ya vifuko vyao. Hao wamekwisha tambua kwamba msitu uliosimama nao hulisha watoto. Msomaji, ukihamia ugenini, uliza mwezi. Kisha uliza makaa yako yametoka wapi.