Usiku wa Kuosha Cheni

Kwa Mjomba, Kiroka, usiku wa kuosha cheni tulilala mapema. Mafuta ya taa yalinunuliwa nusu lita kwa wiki, na yakishamiminwa kwenye kopo la maziwa ya unga, koroboi ilibaki kavu. Mkaza mjomba alilalamika kila mara, na kila mara yeye ndiye aliyemimina. Alijua ndizi zinafikaje sokoni Morogoro: mikungu imefungwa juu ya keria ya baiskeli ya Phoenix, vumbi jekundu kiangazi na tope masika, Mjomba anasukuma kwenye vilima na kupumzika kidogo kwenye mteremko wa Bigwa.

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mikono yangu ilifunzwa na Mjomba. Aligeuza baiskeli magurudumu juu, akatafuta kile kipande cha cheni chenye klipu, akaisukuma klipu kwa ncha ya bisibisi huku kiganja kingine kimeikinga isirukie majanini. Wakati wa kuirudisha, upande wake uliozibwa lazima utangulie kule cheni inakokwenda. Ukikosea, jiwe moja tu njiani linaweza kuing'oa.

Kazi yangu ilikuwa mswaki. Cheni ile ina vipingili 112, na Mjomba hakukubali niruke hata kimoja. Mafuta yaligeuka rangi ya chai, kisha rangi ya udongo wa shambani. Asubuhi ule udongo ulikuwa umetuama chini ya kopo kama unga wa tofali, na mafuta ya juu yalirudishwa chupani kungoja safari nyingine.

Cheni ikishakauka aliinyoosha juu ya benchi na kuomba rula yangu ya shule. Pini ya kwanza kwenye sifuri. Pini ya 25, kwa cheni mpya, huangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha. Watu husema imevutika, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kila pini imelika kidogo ndani ya bushi yake, na huko kulika kote kunajumlishwa. Cheni iliyorefuka haikai tena sawasawa kwenye meno ya friwili, nayo huyala mpaka yanachongoka.

Ndipo oili. Ilikuwa oili mpya, namba 40, tone moja kwa kila kipingili. Alizungusha pedeli taratibu, kisha akafuta cheni kwa tambara kwa nguvu mpaka nje ikaonekana kavu. Nilidhani anabania.

"Mpwa wangu, oili inafanya kazi ndani," aliniambia. "Iliyobaki nje inaokota mchanga tu."

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji, maana watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa nzito. Lakini nyumba kama ya Mjomba ilianza kuhesabu matone. Wakati huohuo bodaboda zilikuwa zimeshajaa, na kila kijiwe kilikuwa na fundi mwenye dumu la oili chafu anayemgawia yeyote anayeomba. Cha kuoshea kikawa ghali, cha kupaka kikawa cha bure. Sikumbuki mtu kutangaza kwamba kuosha kumeachwa. Tulipaka tu juu ya kilichokuwepo.

Mimi nilipaka vuli nzima. Cheni ilikuwa nyeusi na ikiteleza vizuri, hata nikajisifu moyoni. Oili chafu ina unga wa chuma ndani yake tayari. Ikikutana na mchanga wa barabara ya Mkuyuni inasaga kama msasa, huku kilio hakisikiki. Siku moja kwenye kilima, na mikungu miwili nyuma, nilisimama juu ya pedeli. Cheni iliruka meno, mguu ukaporomoka na ndizi zikabingirika mtaroni. Rula ilipowekwa, pini ya 25 ilikuwa imepita mbali. Tulinunua cheni na friwili pamoja. Mjomba hakunigombeza, na jambo hilo liliniuma zaidi.

Leo duka la jirani halina mafuta ya taa; nyumba zinawaka taa za sola. Mimi natumia dizeli, nusu lita kutoka kituo cha mafuta mjini, na inasafisha vyema ingawa harufu yake haitoki haraka mikononi. Masika iliyopita nilimpelekea Mjomba chupa moja. Macho yake hayaoni vizuri namba za rula, kwa hiyo nilisoma mimi: pini iko kwenye 12, labda imezidi kwa unywele. Alipapasa cheni kipingili kwa kipingili, akafika kimoja kilichokuwa kigumu kukunja, akanirudishia mswaki.