Wageni wa Maji ya Moto

Sisi watu wa Kisangani hatuna njaa ya maji. Mto mkubwa wapita mbele yetu, Tshopo uko nyuma yetu, na kule maporomokoni Wagenia wangali wakisimamisha miti yao na kutega migono mikubwa kama walivyofundishwa na babu zao. Twavua, twasafiri, twafua. Lakini maji yatokayo ardhini yakiwa moto tayari, ambayo mtu huyaendea kama aendavyo ugenini, akalala karibu nayo siku kadhaa ili aoge asubuhi na jioni, hayo kwetu hakuna. Basi mama mkubwa wetu alipolemewa na magoti, na dawa zikawa zamtuliza usiku mmoja na kumwacha usiku wa pili, majirani wafanyao biashara Butembo na Kasindi walituambia: mpelekeni Kitagata.

Kitagata iko Uganda, wilaya ya Sheema, katika nchi ya Wanyankole, na jina lenyewe katika lugha yao lahusu joto. Chemchemi zake kubwa ni mbili, nazo ziko jirani. Moja yaitwa Ekyomugabe, maana yake ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Hiyo ilikuwa ya mfalme. Ya pili watu waliipa jina la Mulago, kwa sababu Mulago ndiyo hospitali kubwa ya Kampala, na wagonjwa waliona kwamba hapo ndipo hospitali yao. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, na falme nyingine za Uganda ziliporudishwa mwaka 1993, huo haukurudi. Chemchemi ya mfalme haina mfalme tena, lakini ile ya wagonjwa haijapungukiwa na wagonjwa.

Habari za njia hatutazirefusha. Barabara ya Kisangani hadi Beni, kwa Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, ni zaidi ya kilomita 700, na kila msomaji ajua ni watu wangapi waliouawa upande ule katika miaka hii. Tulipanda ndege mpaka Beni, tukafuatana na msafara wa magari mpaka Kasindi, tukavuka mpaka. Wengine walituuliza kwa nini tusiende Sempaya, chini ya milima Ruwenzori, iliyo karibu zaidi na nchi yetu. Sempaya ni ya kutazama. Maji yake yachemka kabisa, watu hupikia mayai humo. Magoti ya mama yangepikwa vilevile.

Tulipata chumba katika nyumba ndogo ya wageni, vitanda viwili, beseni moja na jiko la makaa uani. Mwenye nyumba, mjane wa Kinyankole, alitupokea kwa “agandi” nyingi na kikombe cha bushera, kinywaji cha nafaka, akamketisha mama mkubwa kwanza, kisha akauliza habari za magoti kabla ya kuuliza habari za fedha. Jioni alileta kalo ya ulezi. Mama mkubwa aliila kwa heshima, akatunong’oneza kwamba lituma ya kwetu haina mwenzake. Nyumba yenyewe haikuwa na uzuri wowote wa kusimulia. Hata hivyo, mgonjwa alilala humo kama aliyefika kwa dada yake.

Asubuhi tulishuka kwenye bwawa la Mulago. Maji yatokapo ardhini yaweza kufika joto la nyuzi 80, ila bwawani yapoa kiasi cha kuvumilika, na mvuke watanda juu kama ukungu wa mtoni. Watu walikuwa wameketi juu ya mawe, nguo chache mwilini, wazee kwa vijana, wakijimwagia kwa makopo. Hapana aliyeuliza mwenzake kabila wala cheo. Mama mmoja asiyejua neno la lugha yetu alimshika mama mkubwa mkono, akamwonyesha jiwe lisiloteleza, akaanza kummwagia maji magotini. Mama mkubwa alifumba macho. “Wanangu,” akasema, “niacheni hapa.”

Lakini tuliona na jambo jingine, nalo lilitusumbua. Mtu mwenye kidonda mguuni alishuka majini moja kwa moja kutoka njiani, na vumbi lake na kitambaa chake. Hatua chache tu kutoka pale, mwingine alijaza kidumu ili akanywe nyumbani.

Usiku ule, tulipokuwa tukimkanda mama miguu, mwenzetu mmoja aliyepata kupelekwa Japani kwa masomo alitusimulia alivyolala katika nyumba ya wageni ya kijiji cha Nozawa, milimani katika jimbo la Nagano. Wajapani, alisema, hawana haraka na maji ya moto. Mgeni huvua viatu mlangoni. Chumba hakina kitanda wala viti, ila mikeka minene iliyofumwa kwa majani; baada ya chakula mtumishi huja kutandika magodoro sakafuni. Mgeni hupewa kanzu nyepesi ya pamba, na ole wake akiifunga upande wa kulia juu ya kushoto, kwani hivyo ndivyo wafungwavyo maiti! (Hapo mama mkubwa alicheka mpaka akasahau magoti.) Kisha kuoga. Mtu huketi kwanza juu ya kigoda kidogo, nje ya bwawa, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mwili mzima. Akiisha kutakata, ndipo aingiapo, uchi, bila sabuni wala nguo. Hata kitambaa chake kidogo hakigusi maji. Wengine hukiweka kichwani.

Mambo haya kwao ni ya kale. Katika jimbo la Yamanashi iko nyumba ya wageni iitwayo Keiunkan, ambayo yasemwa ilianzishwa mwaka 705, na hutajwa kuwa hoteli ya kale kuliko zote duniani. Wasomaji wetu wengine wamesikia pia habari za Unzen, karibu na Nagasaki, ambako mwaka 1627 Wakristo walitumbukizwa katika maji yachemkayo ili waikane imani yao. Paulo Uchibori, mmoja wa waliofia huko, alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2008. Siku hizi Unzen ni mahali pa kupumzika, penye hoteli na mabafu.

Sasa, watu wengi wakisikia habari za Japani husema: basi na Kitagata ijengwe hivyo, hoteli kubwa, ukuta, lango na tiketi. Sisi hatukubali. Ukuta ukijengwa leo, kesho yule mama aliyemwagia mama yetu maji atabaki nje. Nozawa yenyewe yatufundisha vingine. Mbali na nyumba za wageni za kulipia, kijiji kina mabafu 13 ya watu wote. Wanakijiji wenyewe wana chama cha kuyatunza na kuyasafisha, na mgeni huingia bila tiketi. Hutia sadaka yake sandukuni akipenda. Tena sheria ya Japani yatoza kodi ndogo kwa aogaye katika maji ya moto, kwa kawaida yeni 150 kwa siku, na fedha hiyo husaidia kulinda chemchemi na usafi wake. Kwa hiyo ndoo na kigoda vyafaa kuigwa hata kesho. Ukuta wa nini?

Na magoti? Twasema kweli. Siku ya tatu mama mkubwa alipanda kutoka bwawani hadi chumbani bila fimbo, na usiku alilala usingizi wa mtoto. Maji ya moto hulegeza mishipa na kupunguza maumivu, hata waganga wa hospitali wakubali. Lakini hayatengenezi kiungo kilicholika, na majuma machache baada ya kurudi Kisangani maumivu yalibisha hodi tena. Tulionana huko na watu walioacha vidonge vya presha ya damu, na mmoja aliyeacha dawa za kifua kikuu, ati bwawa latosha. Hospitali ya serikali iko hapo hapo Kitagata, wala si mbali kwa miguu. Anayetaka kwenda aende, lakini dawa zake azichukue mfukoni, na maji ya bwawa asiyanywe.

Siku ya mwisho tulimwuliza mwenye nyumba kama haiwezekani ndoo chache na vigoda viwekwe ukingoni, watu wakanawa kwanza. Akafikiri, akatuambia ndoo zingepatikana, hata yeye angetoa mbili. “Lakini mzee amesafiri siku mbili na maumivu yake,” akasema, “amefika, ayaona maji. Ni nani atakayemwambia, baba, ngoja kwanza uoge?” Mama mkubwa alikuwa akifunga mzigo wake. Akasema, “Mnipe mimi ndoo hiyo, nitamwambia.”