Kabla ya Kushusha Giaboksi: Klachi za Bukavu na za Brussels

Ubelgiji, pikapu kuukuu iliyosajiliwa kwa pleti inayoanza na herufi O ni gari la matembezi: sheria hairuhusu itumike kwa biashara, wala kumpeleka mwenyewe kazini. Bukavu, Hilux au Land Cruiser ya umri uleule ndiyo inayopandisha simenti na mihogo Kadutu, na ndiyo inayoukabili mlima wa Ngomo katika barabara ya Uvira. Si ajabu basi kwamba ambreyaji, yaani klachi, huchoka upesi zaidi kwetu. Ninalopinga ni mazoea ya kuihukumu kabla ya kuipima. Mfuko wa mwenye gari una haki ya kuamua klachi itengenezwe vipi, lakini hauna haki ya kuamua ugonjwa ni upi.

Dalili zenyewe zinajieleza. Injini ikivuma huku gari halichapuki, klachi inateleza. Ili kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono iliyo nzima, ingiza gia ya nne, kisha achia pedali taratibu: klachi nzima huizima injini. Hata ikiteleza, sahani ya klachi huenda haijaisha. Pengine pedali haina nafasi ya kucheza, au mafuta yanavuja kwenye sili ya injini au ya giaboksi na kuilowesha sahani. Gia zikikwaruza, hasa ya kurudi nyuma, kosa ni kinyume chake: klachi haiachii. Ukikanyaga pedali mara mbili tatu mfululizo na gia ikaingia, shuku hewa ndani ya mfumo wa mafuta wa klachi au silinda yake inayovuja. Na pale mafuta ya breki yalipokosekana yakatiwa ya injini, raba za silinda huvimba na kuharibika. Sahani mpya haitazitibu. Kelele nayo ina lugha yake. Ikitokea unapokanyaga, shuku beringi inayosukuma klachi. Ikinyamaza unapokanyaga, chunguza beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivi kinachohitaji kompyuta wala kushusha giaboksi.

Kuna watakaosema gereji za Ulaya nazo hazichambui sana, maana hubadilisha sahani, kifuniko chenye springi na beringi kwa pamoja. Ni kweli, na wana sababu: saa za fundi huko ni ghali, kwa hiyo hakuna anayetaka kushusha giaboksi mara mbili. Bukavu hesabu imegeuka. Kazi ni nafuu na kipuri ni ghali, hivyo fundi anayepigilia bitana mpya juu ya sahani ya zamani anafanya jambo la akili. Lakini bitana hiyo ikifungwa chini ya sili inayovuja, italowa kama ya kwanza. Unafuu wake unategemea kipimo kilichotangulia.

Wengine watasema milima yetu imekwisha kutoa jibu: dereva anayelishikilia gari mteremkoni kwa nusu klachi anaichoma mwenyewe. Nakubali kwamba huko ndiko kunakofaa kuanza kushuku. Ila mlima hauwezi kupasua raba ya silinda wala kuingiza hewa kwenye mpira wa mafuta, na kinachotokea mara nyingi si lazima kiwe ndicho kilichotokea leo.

Hili linatuhusu zaidi sisi tulio Brussels au Liège, kwa kuwa simu ya «ambreyaji imekufa» ikifika, twakimbilia kununua seti nzima na kuituma. Tuulize kwanza: inateleza au haiachii? Mafuta ya silinda yanapungua? Kelele hutokea mguu ukiwa wapi? Majibu yakionyesha silinda, tutume raba zake, na fedha ya seti ibaki nyumbani kwa shida nyingine.