Stelingi Hafi

Jenereta la banda letu la video pale Mugumu lilikuwa likikohoa mara mbili tatu kabla halijashika. Ukilisikia ukiwa nyumbani, ujue ugali wako uumalize haraka, maana mabenchi ya mbele hayangoji mtu. Kiingilio shilingi 200. Ukuta mabati na turubai, televisheni chogo ya inchi 21 imefungwa mnyororo mezani kama mbwa mkali. Na ile hewa! Petroli, jasho, mahindi ya kuchoma ya mama wa mlangoni, na makoti yaliyonuka zizi, kwa sababu wengi walikuja moja kwa moja kutoka kukamua.

Humo ndimo tulimoishi na tamthilia ya Prison Break. Kule Marekani ilianza kuonyeshwa mwaka 2005. Kwetu ilifika baadaye, kwenye CD zilizopitia mpakani Sirari mikononi mwa wachuuzi. Mambo ya kituo gani kimerusha na siku gani hayakutuhusu. Sisi tulijua gari la Tarime limefika au halijafika. Mvua ikiharibu barabara ya Nyamongo, Michael Scofield anabaki gerezani Fox River wiki nzima, na sisi tunabaki naye.

Mtafsiri wetu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Alikalia ndoo iliyopinduliwa kando ya deki. Kanda za mtafsiri Lufufu wa Dar es Salaam alikuwa amezisikiliza mpaka akanasa hata pumzi zake, ila alikuwa na lake pia: mapenzi aliyatafsiri kwa Kiswahili, ugomvi kwa Kikurya. T-Bag alipokatwa mkono akawa Kiganja. Sucre akawa Sukari. CD ikikwama, anaitoa, anaipulizia pumzi, anaifuta kwa shati, na banda zima linanyamaza kama tuko kwa mganga. Lakini habari yenyewe haikuhitaji mkalimani. Mtu amejichora ramani ya gereza mwilini, akafanya kosa makusudi ili afungwe, amtoe kaka yake, Lincoln, anayesubiri kuuawa. Wazee waliokaa nyuma na fimbo zao walilielewa hilo kabla ya kijana kufungua mdomo.

Sizoni ya nne ikaisha kwa kaburi. Miaka minne imepita, wenzake wanasimama mbele ya jiwe, na jiwe lina jina la Michael. Usiniulize kelele za usiku ule. Tangu enzi za Rambo, banda lile lilikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Watu walidai viingilio vyao. Mwenye banda akasimama mbele ya kioo, mikono juu. “Mura, kaburi si maiti,” akasema. “Mmeona amekufa? Nani amemwona?”

Hakuna aliyemwona. Kwa majuma tukabishana, sokoni, kwenye josho, hata ofisini kwa walimu. Ndipo tukasikia kuna filamu ya kumalizia, The Final Break, ya mwaka 2009. Mwenye banda akaifuata mwenyewe Tarime, akarudi jioni mweupe kwa vumbi, CD ameifunga kwenye gazeti na kuiweka kifuani.

Nilikaa benchi la pili. Sara, mpenzi wa Michael, ana mimba, wametoka kufunga ndoa, na bado anakamatwa, anafungwa gereza la wanawake huko Florida. Michael anapanga kumtoa. Wamefika mlango wa mwisho, haufunguki. Akamwambia mkewe aende, yeye akazishika nyaya za umeme. Cheche, mlango ukaachia.

Kijana wa ndoo hakutafsiri. Jenereta peke yake likanguruma nje. Mzee mmoja akauliza kutoka gizani, “Amesema nini?” Kijana akajibu, “Hajasema kitu, tata.”

Tulitoka bila kusukumana. Mwenye banda alibaki akikunja waya wake, akauzungusha kiwikoni taratibu, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Hata hapo, maiti hatujaiona.”

Simu zikaja, flashi zikaja, kila mtu akawa na sinema yake mfukoni. Jenereta likauzwa. Mwenye banda tukamzika, na nilishika sepetu siku hiyo.

Mwaka 2017 kijana wangu akaniwekea vipindi 9 kwenye simu. Sizoni ya tano. Lincoln anafunga safari mpaka Yemen, anaingia gerezani, na mdogo wake yuko hai. Michael yu hai! Nilikuwa peke yangu sebuleni, spika masikioni, nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko.

Jioni nikatembea mpaka lilipokuwa banda. Siku hizi pana duka la vocha. Kijana wa dirishani akasema, “Shikamoo mwalimu, nikupe ya shilingi ngapi?”

“Marahaba. Scofield yu hai,” nikamwambia.

Akaniangalia kwa heshima, akafikiri kidogo.

“Huyo ni wa ukoo gani, mwalimu?”