Yule Nyanya wa Kijapani Hakuwa Akinifukuza

Kwanza niombe msamaha kwa watu elfu thelathini na nane.

Hao ndio mliotazama ile video yangu ya "Nyanya Mkali Kuliko Wote Japani". Kwangu mimi, mtu ambaye video zake hutazamwa na mabinamu na mwalimu mmoja aliyestaafu, elfu 38 ni harusi. Nilicheka nanyi, nikajibu emoji zenu, nikajiona nimefika. Shida ni kwamba nilichowaambia hakikuwa kweli. Sikuwadanganya makusudi, nilidanganywa na simu, lakini mdomo uliosema ni wangu.

Gemu yenyewe inaitwa moon. Herufi ndogo, ndivyo wanavyoiandika. Ilitoka Japani 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, kazi ya kikundi kidogo kilichoitwa Love-de-Lic. Toleo rasmi la Kiingereza lilikuja 2020, kwenye Switch, likitafsiriwa na Tim Rogers. Najua, kwa hivyo msinitumie. Mwenye Switch ya kunigawia aseme yuko wapi, nitaifuata hata Kitengela na mguu. Mimi nina PlayStation ya kakangu, ile ya kijivu, iliyochipiwa kabla sijajua kusoma, na imechoka kiasi kwamba lazima uigeuze juu chini ndiyo isome diski. Na diski ya moon, ya Kijapani tupu, niliitoa kwenye boksi la jamaa wa vitu vya mtumba kwa mia mbili. Nilivutiwa na jina tu.

Kwa wale hawajui, hebu niwape picha. Mtoto anacheza gemu ya kawaida, ya shujaa na upanga. Mamake anamwambia azime akalale. Anazima. TV inajiwasha yenyewe na kummeza. Anajikuta ndani ya ile dunia aliyokuwa akiicheza, lakini si yeye shujaa. Shujaa ni mtu mwingine, amevaa chuma mwili mzima, anapita akiua wanyama na kupekua kabati za wenyewe. Ukiwa nje na kidhibiti mkononi hiyo ni kazi nzuri. Ukiwa ndani, ukiwa jirani, huyo ni mwizi. Wewe huna silaha na huwezi kupigana na yeyote. Unatafuta roho za wanyama aliowaua, kila mmoja na ujanja wake wa kumnasa, unasaidia watu na shida zao ndogo ndogo, na malipo yako ni upendo. Si nguvu, upendo. Ukilala, upendo unakuongezea muda wa kukaa macho kesho yake. Mwanzoni muda huo ni mfupi vibaya. Usiporudi kitandani kabla haujaisha, unaanguka, basi, umekufa.

Kumbukeni hapo pa kitanda.

Sasa Kijapani sijui hata herufi moja. Mpango ulikuwa huu: simu kwenye tripodi, kamera imeelekezwa kwa TV, programu ya kutafsiri imewashwa, maneno ya Kiswahili yanaelea juu ya yale ya Kijapani. Nilichagua Kiswahili badala ya Kiingereza kwa sababu sikuwa peke yangu sebuleni. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Voi kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, alikuwa akingoja tarehe ya upasuaji, na kochi lililo mbele ya TV ndilo lilikuwa lake. Ukicheza, anauliza nini kinaendelea. Kwa hivyo nikawa namsomea kwa sauti.

Mkishawahi kutumia tafsiri ya kamera mnajua maneno hayatulii. Kila sekunde mashine inaangalia upya na kubadilisha mawazo. Sentensi ileile inaanza ikiwa "samaki amelala", inakuwa "bei ya samaki", inamalizia "lala, samaki". Kwenye gemu ya mpira ungejua mara moja kwamba simu inabwabwaja. Kwenye moon hujui! Hii ni dunia ambapo mtu anatembea na roho za wanyama mfukoni na watu wanaongea kwa sauti zilizokatwakatwa kama redio inayotafuta stesheni. Samaki kuambiwa alale hapo ni kitu cha kawaida kabisa. Nilikaa siku tatu nikiandika kwenye daftari kila ujinga wa mashine nikidhani ni fumbo.

Mbaya zaidi ni nani anafanya nini. Kijapani mara nyingi hakisemi mtendaji, kinakuachia uelewe mwenyewe. Kiswahili hakina hiyo raha, lazima kitenzi kianze na ni-, u- au a-, kwa hivyo mashine inabahatisha. Nikasoma "nilikufa", halafu "ulikufa", halafu "alikufa", kwa maneno yaleyale, mtu yuleyule akiwa amesimama palepale. Kwenye gemu iliyojaa roho za marehemu. Haya, niambieni nani alikufa.

Turudi kwa nyanya wa kwenye gemu. Ukiingia ile dunia huonekani, wewe ni hewa. Kisha unafika kwa mama mmoja mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo yeye pekee hashangai. Anadhani wewe ni mjukuu wake aliyempoteza. Anakupa nguo za huyo mjukuu, na kuanzia hapo watu wanakuona, yaani wanaona nguo zinazotembea.

Simu ikaandika: Bibi.

Sasa, Kiswahili cha mashine si cha Nairobi. Kwa sekunde kadhaa nilidhani huyu mtoto ameozwa. Nikacheka mpaka nikamsomea nyanya: "Anasema yeye ni bibi yake."

"Kwani ajabu gani?" akasema. "Wewe pia si ni mume wangu?"

Basi. Nikaenda kuzurura kijijini, nikarudi kwa yule mzee, na mlangoni akasema neno moja. Simu ikaandika "Rudi". Ikabadilika, "Marejeo". Ikabadilika tena, "Karibu tena".

Nyinyi mnajua "karibu tena" inapatikana wapi. Chini ya risiti. Kwenye kibao cha barabarani ukishatoka mjini. Ni maneno ya kumwonyesha mtu mgongo kwa adabu. Nikaangalia "rudi", nikaangalia "karibu tena", nikaelewa kwamba huyu mama ameshtuka, amejua mimi si mjukuu wake, ananiambia nirudi nilikotoka. Nikatoka. Nikalala nje, au tuseme nilijaribu, kwa sababu muda uliisha nikaanguka. Nikaanza upya. Mlangoni, "Rudi". Nikatoka. Nikafa. Mara sita nilikufa hivyo, mara ya mwisho nikiwa mbele kabisa ya nyumba yake, taa inaonekana dirishani.

Hizo mara sita ndizo video mliyoiona. Niliziunganisha, nikaweka muziki wa kuchekesha, nikamwigiza kwa sauti ya ukali: "Rudi!" Elfu 38.

Nyanya yangu alikuwa kwenye kochi muda wote huo. Mara ya nne au ya tano aliuliza, "Huyo mama amesema nini tena?"

"Amesema rudi."

"Anamfukuza ama anamwita?"

Nikamwambia sijui, imeandikwa rudi tu.

"Sauti yake si ya kufukuza," akasema, akaendelea na chai yake. Nikaona ni maneno ya mtu ambaye haoni skrini. Kumbe ndiye alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nasoma.

Video ilipokwisha kuzunguka, beshte yangu anayesoma Kijapani chuoni akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake kicheko. Neno lenyewe ni okaeri. Wajapani nyumbani wana mazungumzo ya mlangoni ambayo hayabadiliki. Anayeingia anasema tadaima, ambayo ukiichambua ni "sasa hivi tu", yaani ndiyo nimefika. Aliye ndani anajibu okaeri, ambayo imetokana na kitenzi cha kurudi, na ile o ya mbele ni ya heshima. Haimwambiwi mgeni. Kwa kawaida haimwambiwi mteja. Anaambiwa mtu wa nyumba hiyo, na hata mtoto akitoka shule anaambiwa hivyo.

Kwa hivyo kila nilipofika mlangoni yule mama alikuwa ananiambia wewe ni wa hapa, na mimi nikageuka nikaenda kufa nje.

Nikauliza, sasa kwa Kiswahili ingekuwa nini? Programu nyingi za aina hii hupitia Kiingereza kwanza zikitoka Kijapani kuja kwetu, na nadhani ndipo "karibu tena" ilipozaliwa, maneno ya Kiingereza ya kumpokea aliyerudi yakageuka ya kumwaga mteja. Beshte akasema labda "karibu nyumbani". Sikuipenda. Nani kwenu anasema karibu nyumbani? Hiyo ni ya tangazo la ploti.

Ilinijia nikiwa kwa ngazi siku mbili baadaye, natoka kununua tokeni. Nimefungua mlango, na kutoka kwa kochi, kabla sijasema kitu:

"Umerudi?"

Nyanya husema hivyo kila siku. Hata ukienda tu kuanika nguo. Na hapa ndipo kuna kitu ambacho sikukiweka kwenye video yoyote. Wiki yake ya kwanza kwetu niliingia nimechoka, nina masikio kwa simu, klipu imekataa kupanda, akaniuliza "Umerudi?" nami nikamjibu, "Si unaniona?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nakusikia viatu."

Mama alikuwa jikoni. Alinitazama kwa njia ambayo hadi leo sijaisahau, na hakusema kitu, na mimi nikaingia chumbani kuhariri.

Maana yake ni kwamba mimi nilijua okaeri. Nilikuwa naisikia kila jioni. Niliiona ni swali la bure, mtu anauliza kitu ambacho jibu lake limesimama mlangoni. Mashine iliandika "rudi" na ilikosea silabi mbili tu, u na me. Mimi nilipewa neno lote, na silabi zake zote, na mtu anayelisema, na bado nikalisoma vibaya.

Nilifikiria kuifuta ile video. Nitakuwa mkweli, sikuifuta, kwa sababu ni elfu 38 na ndiyo video pekee iliyowahi kunilipia data. Nimeweka maelezo juu yake na nimerekodi nyingine ya kusahihisha, ambayo hadi sasa imetazamwa na watu mia tisa. Wengine mmesema niliharibu utani. Sawa. Kuna mmoja aliandika kwamba tafsiri mbovu ndiyo raha yenyewe, kwamba gemu za ajabu zinanoga ukizielewa nusu. Ningekubaliana naye mwezi uliopita. Bado nakubali kwa upande wa samaki. Daftari langu la mafumbo ya uongo nimelihifadhi na siku moja nitawasomea, kuna sentensi humo ambazo hakuna binadamu angeweza kuzibuni. Lakini mtu akikosea kuhusu samaki hakuna anayelala nje.

Na nimeacha kuitazama simu kwanza. Siku hizi mhusika akiongea nasikiliza hizo sauti zilizokatwakatwa, hazina maana kwa lugha yoyote, walizitengeneza hivyo makusudi, ila hasira inasikika na upole unasikika. Halafu ndiyo natazama maandishi. Yakipingana na sauti, naamini sauti. Roho nne ambazo zilinishinda kwa wiki nzima nimezipata hivyo, na muda wangu wa kukaa macho umeongezeka mpaka naweza kuvuka ramani na kurudi.

Jana usiku nilimwonyesha nyanya, au nilimsimulia, yule mtoto akitembea kurudi jioni. Nikafika mlangoni. Mama mzee akasema neno lake. Simu nayo, bila aibu: "Rudi."

"Amesema umerudi," nikamwambia nyanya.

"Hapo sasa," akasema. "Amempa chakula?"

"Biskuti."

"Biskuti tu? Usiku?" Hakufurahishwa. "Na kijana amelala?"

"Ndiyo analala."

"Basi zima na wewe ulale. Tokeni zinaisha."