Ua la Usambara Mbele ya Kamera

Ukitoka Muheza, mkoani Tanga, barabara hupanda milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Katika misitu hiyo, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la rangi ya urujuani liitwalo Saintpaulia. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani, na leo hupamba madirisha ya nyumba nyingi ulimwenguni. Huku kwao limekuwa adimu, kwa kuwa misitu imekatwa. Kila shina ling'olewalo ni hasara.

Atakaye kuondoka nalo na alipige picha. Lenzi ya kawaida haioni vyema kitu kilicho karibu mno. Dawa yake ni pete za kurefusha: pete tupu, zisizo na kioo, zipachikwazo kati ya kamera na lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiongezewa pete za milimita 50, ua huonekana ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi, hata vifuko vya manjano vya chavua vikadhihirika.

Lakini mwanga hupungua hadi robo, na sehemu ionekanayo wazi huwa nyembamba sana. Basi simamisha kamera juu ya miguu mitatu, ngoja upepo utulie, kisha uisogeze taratibu mpaka ua litulie machoni. Chukua sura yake. Mzizi uache mwambani.